Nyika Isiyo na Mti wa Kufungia Winchi

Mwezi wa Machi, kusini mwa Serengeti kuelekea Ndutu, Land Cruiser ya watalii ikizama hadi rimu haipigi kelele nyingi. Tairi linazunguka pasipo kwenda, tope linaruka hadi kwenye vioo, kisha dereva anazima injini na kimya kinatanda. Anafungua mlango, anaangalia chini kabla ya kukanyaga, halafu anainua macho na kutazama mbali. Simba anamtafuta, ndiyo, kwa sababu ya usalama. Lakini kitu anachokitamani zaidi kukiona ni mti.

Mti hakuna. Uwanda ule wa majani mafupi umekaa juu ya majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, zikiwemo Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Kwa maelfu ya miaka majivu hayo yamegandamana chini ya udongo yakawa tabaka gumu mithili ya saruji, na mizizi ya miti haipenyi. Ndiyo yanayowapa nyumbu majani yenye madini mengi wakati wa kuzaa, na ndiyo hayohayo yanayomnyima dereva mahali pa kufungia waya. Gari lake linaweza kuwa na winchi ya umeme iliyogharimu mshahara wa miezi kadhaa, imefungwa kwenye bampa la chuma, inang'aa, na isimsogeze hata hatua moja. Winchi huvuta kamba tu. Upande wa pili wa kamba lazima pawe na kitu kisichosogea.

Jambo hilo ni nadra kutajwa dukani. Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mazungumzo ya winchi huanzia kwenye boksi. Namba imeandikwa kwa wino mzito: 9,500, au 12,000, au 13,000. Hizo ni paundi, na muuzaji akizigeuza kuwa tani bado zinatisha: 4.3, 5.4, 5.9. Kwenye rafu ya chini, jirani na makopo ya mafuta ya breki, imelala winchi ya mkono. Nzito, haina taa wala remoti, na kibati chake kinasema kilo 1,600 tu. Mnunuzi mwenye hesabu za darasa la nne anaona ameshapata jibu.

Hajapata. Ile namba ya kwenye boksi hupimwa wakati ngoma ya winchi imebakiwa na tabaka la kwanza tu la waya, yaani waya karibu wote umeshatolewa nje. Waya ukiwa umejaa kwenye ngoma, ngoma imenenepa, na mota inahangaika kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa gogo nene badala ya jembamba. Kila tabaka linaloongezeka hula sehemu ya nguvu. Kwenye tabaka la nne hubaki kama asilimia 60. Mti ukiwa mita nane kutoka kwenye bampa, na winchi ina waya wa mita 30, ngoma bado imejaa. Tani 4.3 za kwenye boksi sasa ni tani 2.6 hivi.

Upande wa pili wa mizani kuna gari lenyewe. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyorefushwa kwa kazi ya utalii, ikiwa na abiria, mafuta, friji na vyakula vya mchana, hufika tani tatu na kuzidi. Vitabu vya uokoaji wa magari vya jeshi la Marekani vina kanuni ambayo mtu anaweza kuikumbuka akiwa na tope hadi magotini: tope likifika usawa wa magurudumu, hesabu kwamba gari linakatalia kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wote; likifika kwenye madigadi, mara mbili; likifika usawa wa kabini, mara tatu. Gari la tani tatu lililozama magurudumu tu linadai tani tatu. Winchi ya kifahari inatoa 2.6. Mota inaunguruma, waya unakaza hadi unalia, taa za dashibodi zinafifia, na gari limekaa palepale.

Kinachoivua aibu winchi hiyo ni kapi. Waya unatoka kwenye winchi, unaenda hadi mtini, unazunguka kwenye gurudumu la kapi na kurudi kufungwa kwenye ndoano ya gari lenyewe. Nguvu inakaribia mara mbili, kasi inapungua kwa nusu. Tena, kwa kuwa waya mwingi zaidi umetolewa nje, ngoma imekonda na mota inavuta ikiwa kwenye tabaka la chini, pale inapopata nguvu zake halisi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Mabaharia wa majahazi walikuwa na roda, gofia na henza za kupandishia foromali tangu zamani, na duara la kuvutia nanga, ambalo ni winchi ya mkono kwa jina lingine. Hata neno harambee, kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa mwaka 1963, lilikuwa sauti ya watu wa pwani walioshika kitu kizito na kuvuta kwa pamoja. Kwa hiyo Kiswahili kilishazoea kuvuta vitu vizito muda mrefu kabla ya mota ya volti 12.

Winchi ya umeme tunayoijua leo ni mtoto wa Jeep za vita. Mwaka 1948, Marekani, Arthur Warn alianzisha kampuni ya kutengeneza vifaa vya magari hayo yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye kampuni hiyo ikaingia kwenye winchi. Mojawapo ya winchi zake, M8274, ina historia ndani ya jina: paundi 8,000, mwaka 1974. Mpaka leo waendesha magari ya porini huitaja kwa heshima ambayo wengine huwapa wachezaji wa mpira wa zamani.

Ubora wa winchi ya umeme hauna ubishi. Dereva anabonyeza kitufe, anasimama pembeni au anakaa ndani ya kabini, na kazi inafanyika. Lakini kazi hiyo inalipiwa na betri. Winchi ya tani nne ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa umeme wa ampea 400 na zaidi. Alteneta ya gari la kawaida hutoa kama ampea 100, na hapo ni ikiwa injini inazungushwa vizuri. Ampea 300 zilizobaki zinatoka kwenye betri, na betri ya ampea-saa 70 haiwezi kutoa mtiririko wa namna hiyo hata kwa dakika kumi. Mota nayo inapata moto; maelekezo ya watengenezaji wengi humtaka mtumiaji avute kwa muda mfupi, dakika moja hivi mzigo ukiwa mkubwa, kisha aipumzishe. Dereva mwenye haraka huwa hasomi ukurasa huo. Ananusa tu harufu ya waya ulioungua, na wakati huo ukurasa hauna msaada.

Kwa hiyo winchi ya umeme ni mali ya mtu ambaye injini yake inawaka. Gari lililozimika katikati ya kijito, maji yameingia kwenye kichujio cha hewa, lina mvutano wa dakika chache tu ndani ya betri. Baada ya hapo ile winchi ni kilo 40 za uzito juu ya ekseli ya mbele, ekseli ileile iliyozama.

Winchi ya mkono iko ya aina mbili tatu, na si busara kuzichanganya. Ile ndogo yenye ngoma na meno, inayouzwa kwa bei ya chakula cha wageni, ina waya wa mita chache. Mara nyingi tani zilizoandikwa juu yake zimehesabiwa waya ukiwa umekunjwa mara mbili, na hapo urefu unabaki kidogo zaidi. Ni nzuri kwa kukazia mzigo kwenye pikapu. Kuna pia jeki ndefu ya Hi-Lift, ambayo kwa minyororo inaweza kugeuzwa kuwa kifaa cha kuvutia. Inavuta chini ya mita moja, halafu kila kitu kinalegezwa na kufungwa upya. Ina tabia ya kurudisha mpini wake ghafla usoni mwa asiyeijua. Madereva wenye makovu ya kidevu watalithibitisha hilo.

Inayostahili kusimama mbele ya ile ya umeme ni ya tatu, ile iliyoenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Tractel kwa jina la Tirfor, na ambayo mafundi wa nyaya za umeme na wakata magogo huitumia kila siku. Haina ngoma. Waya unapita ndani ya mwili wake wa chuma, na humo kuna jozi mbili za taya zinazopokezana: moja inashika na kuvuta, nyingine inaachia na kusogea kushika mbele zaidi, kama mikono ya mtu anayevuta kamba ya kisima. Kwa kuwa hakuna ngoma, hakuna tabaka. Nguvu ya mita ya kwanza ndiyo ya mita ya ishirini. Urefu wa waya hauna kikomo isipokuwa kile mtu anachoweza kubeba. Mpini mmoja unavuta mbele, mwingine unarudisha nyuma taratibu, na mzigo hauponyoki katikati. Mzigo ukizidi, vipini vidogo vilivyowekwa makusudi hukatika kabla ya kitu kingine chochote, na vya akiba huwa vimefichwa kwenye kishikio.

Ile ya kilo 1,600 humdai mvutaji aweke kama kilo 40 na kitu za nguvu kwenye mpini mzigo unapofika kileleni. Kila mwendo wa mpini kwenda na kurudi unasogeza waya sentimita tano hivi. Tuifanyie hesabu ileile ya Ndutu, lakini tuihamishie mahali penye miti. Kwa kapi moja, kilo 1,600 zinakaribia tani tatu baada ya kutoa msuguano. Gari linahitaji kusogea mita tatu kabla matairi hayajashika udongo mgumu. Waya lazima uvutwe mita sita, yaani miendo 120 ya mpini. Watu wawili wakipokezana, bila haraka, ni robo saa hadi dakika 20. Ya umeme, mzigo ukiwa mzito, inavuta kama mita mbili kwa dakika. Ongeza mapumziko ya mota, ongeza muda wa kukunjua waya na kufunga mkanda mtini, ambao ni sawa kwa zote mbili. Tofauti inayobaki ni dakika kumi na jasho. Si ile tofauti ya mbingu na ardhi inayoonekana kwenye matangazo.

Jasho lenyewe, hata hivyo, lisidharauliwe. Mganga wa zahanati mwenye umri wa miaka 60, akiwa peke yake na sanduku la chanjo, hatapiga mpini ule mara 120 saa sita mchana.

Kabla ya winchi yoyote kuna beleshi, na hapa mwandishi wa makala haya hana subira na wapinzani. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao Wasukuma na majirani zao wanauita mbuga, umejaa madini yanayofyonza maji na kuvimba. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, masika hugeuka gundi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alilichukua neno hilo la wenyeji na kuliandika kama lilivyo katika maelezo yake ya udongo wa Afrika Mashariki. Gari likizama kwenye mbuga, linanyonywa. Tope limebana chini ya ekseli, limejaa kwenye madigadi, na limeziba kila pengo ambamo hewa ingepita. Nusu saa ya kuchimba, kufungua njia mbele ya kila tairi na kuondoa tope lililokaa chini ya difu, inaweza kuufanya mzigo wa tani tatu kuwa wa tani moja na nusu. Hapo winchi ya kilo 1,600 inaanza kutosha hata bila kapi. Dereva asiyechimba ndiye anayerudi dukani kudai winchi ya paundi 13,000.

Kisha kuna suala la upande. Winchi ya umeme imefungwa mbele ya gari, na inavuta kwenda mbele. Aliyenasa, mara nyingi, mbele yake ndiko kubaya zaidi: ukingo wa mto, katikati ya dimbwi, chini ya mteremko. Udongo mgumu uko nyuma, mita nne tu, pale alipokuwa kabla hajafanya uamuzi wake. Winchi ya bampa inaweza tu kumvuta aingie ndani zaidi kwa matumaini ya kutokea ng'ambo. Ya mkono inafungwa kokote chesisi ilipo na ndoano imara, nyuma, mbele au ubavuni, na kwa gari linaloelekea kupinduka kwenye mteremko inaweza kulishikilia kwa upande wakati dereva analitoa polepole. Kwa barabara za udongo za Uluguru au za kupanda Mahenge wakati wa mvua, sifa hiyo peke yake inatosha kuihesabia tani kadhaa ambazo hazikuandikwa kwenye kibati.

Turudi kwenye mti. Katavi, Ruaha na misitu ya miombo ya hifadhi ya Nyerere ina miti ya kutosha. Mgunga uliokomaa unashika vizuri, ingawa miiba yake humdai mfungaji malipo. Mkanda mpana wa kuzungushia shina ni wa lazima, kwa sababu waya wa chuma ukikaza kwenye gome unalikata kama msumeno na mti unaweza kufa polepole baada ya gari kuondoka. Mbuyu ndio kituko. Unaonekana kama nguzo ambayo Mungu aliisimika kwa ajili ya madereva, lakini mkanda wa mita tatu hauzunguki hata nusu ya shina lake. Na kichuguu, hata kikiwa kirefu kuliko gari, si nguzo. Kinameguka.

Pasipo na mti, kuna njia mbili za kitabuni. Ya kwanza ni kufukia tairi la akiba: unachimba handaki la kina cha kama mita moja, tairi linasimamishwa humo likiwa limefungwa mkanda kwenye rimu, kisha unachimba mfereji mwembamba wa kupitisha mkanda kuelekea gari. Inafanya kazi vizuri kwenye udongo mzito au mchanga. Kwenye uwanda wa Serengeti sururu inagonga lile tabaka gumu mapema, na handaki linaishia magotini. Ya pili ni vigingi vya chuma vilivyopigwa kwa mstari na kufungwa pamoja, vitatu mbele, viwili katikati, kimoja nyuma. Wahandisi wa kijeshi wanaipa seti hiyo uwezo wa kama kilo 1,800 katika udongo wa kawaida, na pungufu udongo ukiwa umelowa. Ukilinganisha na tani tatu zinazodaiwa, ni zaidi kidogo ya nusu.

Ndiyo maana waongoza watalii wa Ndutu, watu wanaonasa mara nyingi, hutegemea redio na kamba kuliko winchi. Mmoja anaita, mwenzake anakuja, anasimama mahali pagumu umbali wa mita 20 na kumvuta kinyumenyume. Gari la pili ndilo mti wa nyika. Mwenye winchi akipata gari la pili analitumia kama nguzo. Asiye na winchi analitumia kama winchi.

Pamoja na haya yote, kuna mahali ambapo winchi ya umeme haina mpinzani. Ndani ya hifadhi yenye nyati na simba, kila dakika ambayo mtu yuko nje ya gari ni dakika ya hatari, na kupiga mpini mara 120 ukiwa umeyapa mgongo majani marefu si jambo la kumshauri mtu. Remoti yenye waya mrefu inamruhusu dereva akae kwenye usukani na mlango umefungwa. Mtu anayenasa kila wiki kwa sababu ya kazi yake naye ana haki ya kuokoa mabega yake.

Na kuna mashindano. Rhino Charge ya Kenya, inayofanyika tangu 1989, huwapa washiriki vituo 13 na saa kumi za kuvifikia. Mshindi ni yule aliyevimaliza kwa umbali mfupi kuliko wote, hata kama njia hiyo fupi inapanda mwamba. Fedha zake, kupitia shirika la Rhino Ark, zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Magari ya mbio za aina hiyo hupanda makorongo kwa winchi za umeme zilizoongezewa betri, na mtu akipendekeza winchi ya mkono hapo atachekwa, kwa haki. Vivyo hivyo Camel Trophy ya mwaka 1991, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura kwa magari ya Land Rover Discovery yaliyopakwa rangi ya njano, isingefika kwa mpini peke yake. Lakini misafara ya namna hiyo ina magari mengi, mafundi na vipuri. Mkulima wa Kilombero mwenye pikapu moja hana msafara.

Iko pia winchi ya tatu ambayo vijana wengi hawajaiona ikifanya kazi: ile inayoendeshwa na gia za gari lenyewe. Toyota iliwahi kuzifunga kwenye Land Cruiser kutoka kiwandani. Haichoshi betri, haina mota ya kupata moto, inavuta mchana kutwa maadamu kuna dizeli. Kwa malori ya mbao bado inafaa. Kwa gari dogo la leo, kuipata ikiwa kamili ni bahati.

Aliyekwisha kuamua aina bado ana mambo ya kuangalia, na la kwanza ni kamba. Waya wa chuma unavumilia mawe na mchanga, lakini nyuzi zake zikianza kukatika zinachomoza kama sindano na kupenya glavu nyepesi. Ukikatika ukiwa umekaza, unaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Blanketi zito au koti lililolowa maji likitundikwa katikati ya waya hupunguza mruko huo, na watu wote wasimame mbali, si kwenye mstari wa waya wala ndani ya pembe ya kapi. Kamba ya sintetiki ni nyepesi, inaelea majini, na ikikatika hairuki kwa ukali uleule. Adui zake ni jua, mchanga unaoingia kati ya nyuzi, na jiwe lenye makali. Kwa gari linaloshinda juani Dodoma mwaka mzima, ifunikwe.

Winchi ya mkono yenye taya ina sharti lake: waya wa unene uleule uliokusudiwa, si pungufu wala zaidi. Hapo ndipo nyingi huharibiwa. Waya wa asili ukiisha, mwenye gari ananunua wowote wa dukani unaofanana kwa macho, taya zinateleza, na lawama inaangukia winchi. Usafi wake ni rahisi: ioshwe tope, ikauke, imwagiwe mafuta mazito kwa wingi. Inaweza kukaa chini ya kiti miaka mitano na ikafanya kazi siku ya shida.

Ya umeme haikubali kusahauliwa. Vumbi na unyevu huingia kwenye swichi zake kubwa, kutu inakula viungo vya nyaya, na mara nyingi kasoro hujulikana siku ile gari limezama. Mwenye nayo aukunjue waya wote angalau mara moja kwa mwezi, auvute tena akiwa na mzigo mdogo ili ujipange vizuri kwenye ngoma, na aangalie nyaya za betri. Ukubwa wake uwe mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa: kwa gari la tani 3.2 ni tani 4.8, ambayo dukani maana yake ni ile ya paundi 12,000.

Mwenye gari moja na fedha za kununua kitu kimoja anunue ya mkono, ile ya taya, ya kilo 1,600, pamoja na kapi, mkanda wa mti, glavu za ngozi na beleshi la mpini mrefu. Kama kazi yake itamfanya anase kila wiki, au imlazimu kukaa ndani ya gari kwa sababu ya wanyama, aongeze ya umeme baadaye. Akishaiongeza, ile ya kwanza asiiuze. Na kama njia zake ni za Ndutu mwezi wa Machi, kwanza anunue redio.